Mkungu wa Jumapili

Siku hizi ukifungua redio hukosi mtu mwenye sauti laini anayekushauri utafute furaha katika vitu vidogo. Hata parokiani tuliletewa semina ya namna hiyo. Mtoa mada alitutaka tufumbe macho, kila mmoja ataje moyoni jambo dogo linalomfurahisha. Nilifumba macho nikawa namwombea gari lake limharibikie njiani. Mama yangu alikuwa na furaha moja ndogo kwa wiki, na mimi nilikuwepo ilipoondoka.

Nilikuwa Nkwenda wakati huo, nina mgahawa, nawapikia wanunuzi wa mazao na madereva wanaokwenda mpakani. Nikapigiwa simu kwamba kibanja chetu cha Kanoni, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, kimeingiliwa na mnyauko, ugonjwa wa migomba. Nilipofika nilikuta majani ya migomba yamelala kama yamemwagiwa maji ya moto. Mikungu ilikuwa inaiva kabla ya siku zake, na ukiikata ndizi unakuta ndani ina rangi ya kutu. Bwana shamba alisema hakuna dawa: kata yote, ng'oa mashina, fukia. Tulifanya kazi hiyo na vibarua, mama akiwa mbele, na hakutoa chozi. Tulipomaliza, kahawa ilibaki imesimama peke yake juani, na nyumba yetu ikawa inaonekana kutoka barabarani kama mtu aliyevuliwa nguo.

Watu wa mikoa mingine hawatuelewi hapa. Wanadhani ukikosa ndizi utakula kitu kingine, basi, maisha yanaendelea. Mama alikula ugali wa unga niliomletea, akashiba, na mpita njia alipomuuliza kama ameshakula alijibu bado. Hakuwa anadanganya. Kwake ugali ulikuwa kitu cha kutuliza tumbo wakati unasubiri chakula.

Ng'ambo ya barabara anakaa jirani yetu, mjane wa rika la mama. Yeye Mlutheri, sisi Wakatoliki, na kwa miaka yote hiyo walikuwa wakitaniana kuhusu nani ataachwa nje ya mbingu. Watoto wake wako Bukoba na Mwanza, na simu zao huja wakikumbuka. Kibanja chake kilikuwa kizima, cha kijani mpaka kinatia wivu. Jumapili ya kwanza baada ya sisi kufukia migomba, alitoka kanisani, akabadili nguo, akaja na mkungu kichwani. Aliutua mlangoni pa jiko na kusema, kwa lile neno letu la kubembelezana, "Leteni visu, waitu. Sikuja kukaa kama mgeni."

Ikawa ndiyo desturi. Kila Jumapili mkungu, kila Jumapili wanawake wawili wamekaa chini wanamenya, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu, midomo haipumziki. Walimsema mwanakwaya anayeimba akitazama simu. Walimsema mchungaji na suruali yake iliyoishia juu ya soksi. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Ndizi zilipikwa na maharage, chungu kikafunikwa kwa majani ya mgomba, na harufu yake ilinifanya hata mimi, mwenye hasira ya asili, nisahau kununa. Kila Jumamosi nilipanga kurudi Nkwenda, na kila Jumamosi nikabaki kwa ajili ya chungu hicho.

Lakini mama hakuzaliwa kuwa mpokeaji. Jumapili ya tatu au ya nne nilimwona anazungukazunguka uani akitafuta cha kumfungia jirani, na uani hakukuwa na kitu. Siku ya pili yake alichukua panga lake akavuka barabara. Alikwenda kupogoa majani makavu katika kibanja cha mwenzake. Alirudi jioni amechoka, ana takataka kichwani, uso umechangamka. Nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa raha yenyewe, kuliko hata kula: kuingia tena chini ya migomba iliyo hai, kwenye kivuli chake, huku akijua la kufanya.

Bwana shamba alikuwa ametuonya wote. Panga likitoka shamba moja kwenda jingine lipitishwe kwanza kwenye moto, au lioshwe kwa jiki. Mara ya kwanza mama alikwenda na kaa la moto kwenye kigae, akaanza kulichoma panga langoni kwa jirani. Jirani akatoka akamkemea: "Mawe, mama yangu! Unanichomea moto langoni kama mganga? Wapita njia wataniuliza tumekosana nini. Ingia, bwana." Mama akaingia. Ungefanyaje? Kusimama langoni kwa mtu anayekulisha na kujitakasa mbele yake ni kama kumwambia usinisogelee. Wiki zilizofuata hakubeba tena kaa.

Sasa, nyuma ya choo mama alikuwa amebakiza mashina mawili. Aliniambia hayana kitu, yalikuwa ya kijani, ni ya kupatia majani ya kufunikia chungu tu. Nilipiga kelele, yeye akapiga kelele zaidi, na kibanja ni chake. Kwa hiyo panga lilikata jani nyuma ya choo, kisha likavuka barabara. Mashina yale yalinyauka mwanzoni mwa mvua. Tuliyang'oa tukafukia.

Halafu jirani alikuja siku ya kazi, hana kitu kichwani. Alisimama uani akasema, "Kuna mgomba mmoja umelala, ule wa karibu na njia. Njoo unisaidie kukata. Wewe umeshazoea."

Tulikwenda. Haukuwa mmoja. Mama alizunguka, akagusa shina hili na lile, na kila aliposimama nilijua ni pale alipokuwa amepogoa. Kisha akaliweka panga chini na kusema, "Ni panga langu lililoleta hili."

"Najua," jirani akajibu. "Siku ile nilipokuambia uingie nilijua linaweza kuleta. Nilipima. Wiki nzima mimi naongea na kuku, waitu. Nikaona bora uje."

Mama aliliokota panga. Walikata, wakang'oa, mimi nikafukia pamoja na vibarua, na ile siku nilimchukia kila mtu: bwana shamba, watoto wa Mwanza, adabu zetu za kijinga zinazotufanya tufe kwa kuogopa kuonekana tumekosana.

Tangu hapo mama hajavuka barabara. Jirani hana mkungu wa kuleta, ila Jumapili akitoka kanisani hupita langoni na kuita. Mara ya kwanza mama alinikonyeza nikasema anaumwa kichwa. Mara ya pili nikasema amekwenda msibani. Jumapili iliyopita visingizio vilikuwa vimeniishia.

"Amelala," nikasema. Ilikuwa mchana kweupe, moshi unatoka jikoni, na mama amekaa nyuma ya mlango, ameweka mikono mapajani.

Jirani alinitazama. Kisha akapaza sauti, si kwangu. "Mwambie akiamka kwamba migomba nimeshaizika. Yeye sijamzika."

Akasubiri. Nyuma ya mlango nikasikia mama ananyanyuka, nikasogea pembeni nimpishe. Kumbe alikuwa anakwenda kuongeza maji kwenye maharage.