Cadette na ile taa nyekundu yenye ilikuwa inarudi

Hapana, sinyamazi. Mutu mwenye bado anasema Cadette iko polepole sana, akuje aniambie mbele ya uso, hapa Kasongo, muchana. Polepole! Munaona mwanamuke amekaa pembeni ya gari anakula karanga, munacheka. Hata mimi nilicheka. Nilicheka kushinda ninyi wote, na makosa ilikuwa yangu.

Cadette ni fundi wa umeme ya magari. Iko na miaka makumi tatu na mbili. Baba yake, jina lake Muzaliwa, alikuwa anatengeneza radio kule Nyangwe. Watu wa pirogue, ile mitumbwi, walikuwa wanamuletea radio zenye zimekunywa maji ya muto Lualaba, na Cadette njo alikuwa anamushikia toshi. Alisoma mpaka ya tatu sekondari, masomo ikakatika, akabaki na radio. Kisha akaenda kwa plake za jua, zile za kutoa umeme, kisha magari. Iko na metre ya kupima umeme, anaifunga ndani ya kipande ya kikwembe, kitenge ya marehemu mama yake. Iko na kachombo kadogo ka kuchomeka chini ya tablo, kule mbele ya shofere kwenye taa zinawakaka, kanaonyesha kwenye telefone gari inalalamikia nini. Na iko na karanga za shamba lake mwenyewe. Hizo karanga ni za kazi. Mutaona.

Mimi ni Dady, shofere wa Mama Ernestine. Mama anapeleka vikwembe na sabuni Salamabila, kwa wachimbaji wa dhahabu. Siku moja taa ya airbag ikawaka nyekundu kwenye tablo. Airbag ni ule mufuko wenye umefichwa ndani ya gari. Ukigonga, unavimba mara moja, kichwa inaangukia pale, haiangukii kwenye chuma. Ile taa iko na picha ya kamutu kamekaa, mupira mbele ya tumbo. Mama Ernestine akaiangalia, akaniuliza:

"Dady, huyu mwanaume mwenye mimba ndani ya gari yangu ni nani?"

Tukapeleka gari kwa garaji ya Papa Bisimwa, kwenye Cadette anafanyaka kazi. Roger, fundi wa motere, akasema mara moja:

"Mama, tutoe ampule ya hiyo taa, iishe."

"Ukitoa ampule umemufunga mugonjwa kinywa," Cadette akamujibu. "Hujamuponyesha."

Mama akamuachia Cadette. Akapima, akafuta ile lalamiko kwenye kachombo, taa ikazimika. Nikaenda Salamabila, nikarudi: taa inawaka. Akapima tena, ikazimika. Nikaenda, nikarudi: inawaka. Mara ya tatu vile vile. Garaji yote inacheka. Papa Bisimwa akakasirika.

"Cadette, binti yangu, leo siku ya posho. Kama saa sita inafika hujaona ugonjwa ya gari hii, ufunge vyombo vyako. Pale pako nitaweka mutu wa kuchomelea."

Pale pake ni meza moja na kivuli cha bati. Kasongo hii yote, hakuna garaji ingine yenye ilikubali mwanamuke.

Na Cadette alifanya nini? Akatoa batri. Akakaa chini. Akaanza kumenya karanga.

Damu ikanipanda. Saa ine na nusu sasa! Nikanyakua lampe ya kupimia ya Roger, ile ya musumari na waya, nikaingia ndani, nikainamia volan, usukani wenye unaficha mufuko wa shofere. "Nitautafuta mimi mwenyewe huu ugonjwa!"

Karanga zikaruka kila mahali. Cadette akanishika mukaba, akanivuta nyuma, nikaanguka matako chini mbele ya watu wote.

"Uso yako juu ya mufuko, na musumari mukononi? Unajua ule mufuko unavimbishwa na nini? Na baruti!"

"Si umetoa batri?"

"Na umeme yenye imebaki ndani? Hata batri ikitoka, ile boksi yenye inaamuru mufuko inazuia pumzi kidogo. Unangoja dakika kumi, ama zaidi. Telefone yangu iko kwa kazi, saa sina, napima na karanga. Ngumi mbili za karanga nikimenya polepole, imefika. Na ile lampe yako ingepeleka umeme mupaka kwa mufuko wenyewe! Shingo yako ikivunjika hapa, mama yako atakuja kuniuliza mimi, hatauliza Roger!"

"Airbag ya Dady iko nyuma!" Roger akapiga kelele. Nilitaka kumupiga.

"Na tena," Cadette akaongeza, "volan haina neno. Kachombo kanasema ugonjwa iko upande wa kiti ya musafiri."

Akaokota karanga, akarudia kumenya. Zilipoisha, akaingiza mukono chini ya ile kiti. Kuko waya za njano. Njano maana yake usicheze. Mufuko wenyewe, wenye uko ndani ya ile kiti, hakuupima. Haupimwaki na metre, hata kidogo. Akatenganisha plagi, akaweka kakipande kake ka rezistansi pahali pa mufuko, ili boksi ifikiri mufuko uko. Akarudisha batri, akafuta lalamiko. Taa ikazimika. Akatikisa waya mupaka mbele. Taa haikurudi.

"Waya ni muzima," akasema. "Shida iko hapa hapa kwenye plagi. Kuko kitu kinaisukuma."

Akapitisha kidole juu ya plagi. Kidole ikatoka nyekundu. Akainusa. Akaniangalia.

Mimi nikaangalia bati.

"Dady, unabebaka nini chini ya kiti hii?"

"Hakuna."

Mutu anielewe. Mama Ernestine alinikataza kubeba vitu vyangu. Alisema gari yake haiko pirogue ya soko. Lakini kila safari, njiani Wamaza, tantine yangu Dorothée, mama yangu mudogo, ananipa bidon ya mafuta ya mawese, litre tano, nimupelekee mama yangu. Ninaisukuma na muguu chini ya kiti. Nikifika Kasongo, mbele ya kuingia garaji, ninaiacha kwa Iliasi, muuza mikate wa ngambo ya barabara. Mara ine zote. Ile siku pia ilikuwa kwake.

"Basi, umeona ama hujaona?" Papa Bisimwa akauliza. Saa sita ilikuwa karibu. Mama Ernestine naye alikuwa amekuja, anasimama na mwavuli yake.

Cadette alijua. Niliona kwenye macho yake anajua. Angesema neno moja tu, mimi njo ningepoteza kazi. Akasema:

"Plagi inasukumwa, papa. Na nini, mwenye gari atafute."

"Hiyo haiko jibu. Funga vyombo."

Akachukua metre. Akaikunjia kikwembe, kona moja, kona ya pili. Alipofika kona ya tatu hasira ikanishika, sijui nilimukasirikia nani, mimi mwenyewe labda.

"Ni bidon!" nikalia. "Bidon ya mafuta ya mama yangu! Iko kwa Iliasi! Munifukuze, iishe!"

Cadette akaacha kikwembe.

"Ilete," akasema. Nikavuka barabara, nikaileta.

Akatoa batri tena ili arudishe plagi ya kweli. Na safari hii Papa Bisimwa mwenyewe akakaa chini, akanyoosha mukono, akapewa karanga. Roger naye. Mama Ernestine naye, chini ya mwavuli. Saa sita ikapita, hakuna mutu aliitaja. Ngumi mbili.

Kisha akatuambia wote tukae mbali. Akaunga batri: taa imezimika. Akasukuma bidon chini ya kiti na fimbo ya fagio: kamutu kakawaka. Akavuta bidon, akafuta lalamiko: kakazimika. Akasukuma: kakawaka.

Mama Ernestine akanigeukia polepole.

"Kumbe ile mimba ni yako, Dady."

Garaji yote ikalala chini na kicheko. Hakunifukuza. Alinigombeza njia yote mupaka Salamabila, nikanyamaza, mara ya kwanza katika maisha yangu.

Cadette alisafisha plagi, akakaza vidude vya ndani vyenye vililegea, akafunga waya juu. Nimeenda Salamabila mara sita tangu ile siku. Taa iko kimya. Bidon inasafiri nyuma, imefungwa kamba, Mama Ernestine mwenyewe anaiona. Meza ya Cadette iko pale pale chini ya bati, na mashofere wa Kabambare wanapanga mustari. Mama yangu anamutumia chupa ya mawese, yeye anarudisha karanga. Jana nilimukuta anaimba peke yake, anamenya. Nikakaa. Nikangoja.

Sasa weye shofere mwenye unasoma: acha kucheka, shuka, inama, toa hiyo bidon chini ya kiti. Leo. Na waya ya njano usiiguse.