Uso wa Dale Kwenye Kopo

Verna Kostelnik alikuwa hajamaliza kulipia petroli alipokutana uso kwa uso na mumewe. Dale alikuwa anacheka, kwenye picha ya harusi ya mpwa wao, amebandikwa kwenye kopo la plastiki kando ya mashine ya kahawa. Chini yake mwandiko wa Arlene, dada yake Dale: TUMSAIDIE DALE NA BILI YA HOSPITALI. TAMBI ZA MCHANGO JUMAMOSI, UKUMBI WA ZIMAMOTO. Verna akalibeba kopo kwapani pamoja na noti zilizokuwamo, akatoka nalo.

Hakuwa mtu wa kubembeleza watu, na siku hizo alikuwa amechachamaa kabisa. Dale alipasuliwa ngiri katika hospitali inayokubali bima yao. Verna aliuliza kwanza, akauliza tena. Sehemu yao walilipa. Kisha daktari wa usingizi, ambaye Dale alimwona kwa muda wa kuhesabu kutoka kumi hadi saba, akaleta bili yake peke yake, dola elfu sita, eti yeye hafanyi kazi na bima hiyo.

"Mumeo alisaini, mama," kijana wa ofisi ya bili alimwambia kwenye simu, sauti imejaa sukari.

"Alisaini akiwa na gauni lililo wazi matakoni na sindano mkononi. Sheria inasema katika hospitali ya bima yake, daktari wa usingizi hamdai mgonjwa ziada, na saini haifuti hilo. Unaijua, au nikusomee?"

"Mama, punguza hasira."

"Punguza bili!"

Akakata simu, akapeleka malalamiko serikalini. Ndiyo kwanza alikuwa anasubiri jibu, na wifi yake naye akaanza kumtembeza Dale kwenye makopo.

Arlene alikuwa anakaanga vitunguu na kabichi Verna alipolitua kopo mezani kwake kwa kishindo.

"Nani kakutuma utuombee?"

"Kuomba gani, wifi? Si ndivyo tunavyofanya hapa? Wewe mwenyewe mwaka jana ulichemsha tambi za kumchangia Connie."

"Connie alikuwa anadaiwa. Sisi hatudaiwi!"

"Bili ina jina la kaka yangu."

"Hata mimi naweza kukuandikia bili, Arlene. Utalipa?"

"Kiburi chako hicho! Dale mwenyewe kakubali, muulize."

Alimuuliza. Dale hakutoa macho kwenye televisheni. "Watu wana moyo mzuri, Verna. Ningekataaje?"

Mji huo una desturi yake: mwenye deni hupikiwa tambi, watu wakazinunua kumchangia, naye husimama mlangoni, akamshika mkono kila anayeingia na kumshukuru. Dale hajawahi kumkopa mtu hata nyundo. Sasa angesimama pale kama mdaiwa, ashukuru kwa deni lisilo lake, na pesa ziende moja kwa moja kwa yule yule aliyemwonea. Verna aliwachukia wote, mumewe akiwemo.

Jumamosi mchana ndipo jibu lilipofika: daktari ameamriwa kufuta bili yote. Verna hakuvua hata aproni. Alimkuta Dale mlangoni mwa ukumbi kweli, mkono mbele, masikio mekundu. Akampita, akamnyang'anya Arlene kipaza sauti.

"Hatudaiwi! Bili imefutwa, maana tangu mwanzo ilikuwa haramu. Kila mtu achukue hela yake. Tambi kuleni, zimeshaiva."

Uma zikasimama hewani.

"Hata asante imekushinda," Arlene alisema, machozi yakimlenga. "Mwanamke una roho ya kutu wewe."

"Mpe kopo lake aende!" mtu akapaza sauti, na wengine wakamuunga mkono.

Ndipo Ray Dubik, mume wa Connie, aliposimama kule nyuma, mdomo bado una sosi.

"Verna. Yule aliyemlaza Connie usingizi. Bili yake nayo ilikuja peke yake."

"Mlilipa?"

"Hela zile za tambi, zote. Hazikutosha. Nikauza lori."

 Verna ndiye aliyezichemsha zile tambi za mwaka jana, akazikoroga, akajisifu zimetoka vizuri. Kwenye meza za mbele watu wakaanza kuulizana kwa sauti ya chini, na bili ya mama ilikuwaje, na ya mtoto je. Arlene akaketi.

"Kwa hiyo tulikuwa tunampikia daktari," Ray alisema.