Jogoo wa Mkwe Chini ya Tenga

Iko siku haijanitoka moyoni, mwanangu, na leo umenirudisha huko kwa kununa kwako. Umeniletea jogoo mzuri, nimemfunika tenga nyuma ya jiko, nawe unaona nimekudharau. Nimechoka, lakini kaa nikueleze.

Mwaka wa kipaimara changu, mama alikuwa na kuku wa kienyeji waliojaa uwanjani, wakichakura chini ya migomba mpaka jioni. Mayai tulikula, majogoo wakangoja sherehe yangu. Hatukuwa na kitoweo kingine cha kuwapa wageni. Basi shemeji, mume wa dada yangu, akapanda mlima kutoka kijijini kwake Magoma na jogoo mwekundu kwapani. Kwetu zawadi ya mkwe hupokewa kwa mikono miwili na kuachiwa papo hapo kati ya kuku wa nyumbani, mwenyewe akiona. Mama alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akaenda kumfunika tenga.

Shemeji akainamisha uso. "Mama, jogoo wangu ana kosa gani?"

"Hana kosa, baba. Ametoka mbali, apumzike kwanza."

Nilimfuata mama jikoni, nikamwambia anamwaibisha mkwe wake. Hakuinua hata sauti. "Aibu hii nitaimeza mimi. Wewe kuku wakiisha, utawapa nini wageni wako?"

Shemeji aliondoka bila kumaliza chai. Niliumia, nikamkasirikia mama siku kadhaa. Kisha yule jogoo akaanza kusinzia, akaharisha kijani, shingo ikapinda. Ulikuwa mdondo, ugonjwa unaoambukiza na kumaliza kuku wa uwanja mzima. Akafa peke yake chini ya tenga, mama akamfukia mbali na uwanja. Kuku wetu hawakuguswa.

Siku ya kipaimara shemeji alikula akashiba, akamuuliza mama habari za jogoo wake. "Alitufaa sana, baba," mama akasema, akamwongeza mchuzi.

Tangu hapo nimesaidia majirani kufukia kuku mara nyingi mno, na karibu kila mara chanzo ni kuku mgeni aliyeachiwa kwa heshima. Kusema kumenichosha. Mwanangu, mgeni mkaribishe ndani, kuku wake mtenge wiki mbili, na wako uwape chanjo kabla hawajaugua. Watu watanuna, waache wanune.

Mungu akupe uwanja usionyamaza asubuhi. Huyo wako namsikia anawika huko nyuma. Akiendelea hivyo, nitamfungulia wewe ukiona.