Kitambaa Juu ya Televisheni Mpya

Juzi nilikuwa kwenye duka la vifaa vya umeme pale Kaloleni, nikitafuta soketi, mwenye duka alipowasha televisheni nyembamba kama kadi ya harusi. Ni mzee wa Kihindi, kaunta ile aliirithi kwa babu yake. Mteja wake alikuwa mama wa Kimeru, mkulima wa kahawa kutoka milimani juu ya Kikatiti.

Skrini ikaonyesha anga la usiku. Mama akarudi hatua moja, mkono kifuani.

"Hili giza ni la kwetu kabisa, umeme ukikatika! Na nyota ni zilezile!"

"Kila nukta ya skrini hii inajiwasha na kujizima yenyewe, mama," mzee akamwambia. "Ikijizima, ni giza tupu."

Mimi soketi nilishaisahau.

Kisha mzee akaweka picha nyeupe, akaonyesha kona ya juu. Palikuwa na nembo ya kituo fulani, hafifu kama jivu.

"Sitakuficha. Hii ilikaa dirishani miezi mingi kwenye chaneli moja. Nembo imeungulia humo, haitoki tena. Ndiyo maana nakupunguzia bei."

Mama akaikwaruza kwa ukucha. Halafu akatoa mkobani kitambaa cheupe cha kufuma, kile ambacho sebule ya Mmeru haikosi, akakitandika juu ya televisheni, nusu nyuma, nusu mbele. Pembe yake ikafunika nembo yote.

"Nifungie," akasema.

Nasikia huko televisheni hizi zinakotengenezwa, mabingwa wanaumiza vichwa kutafuta dawa ya alama hizo. Waje Meru. Sisi dawa tunaifuma wenyewe, tukisubiri kahawa iive.