Lorna Hapulizi

Asikudanganye mtu kwamba kumrekebisha mwanasesere uso ni kazi ya kubembeleza. Mimi, Dee Sorvari, nimeifanya miaka kumi na miwili hapa Duluth, na sijakutana na mbishi kama Lorna Hautala.

Alikuja kwenye chama chetu cha mafundi wa wanasesere Jumamosi moja ya Februari, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri tunapokutania. Mkono mmoja kashika beseni la plastiki, mwingine barakoa ya mpira yenye vichujio viwili vya rangi ya waridi. Hakusalimia sana. Alijaza beseni maji ya moto, akavaa barakoa, akamzamisha mwanasesere wake mpaka shingoni na kuanza kumpiga msasa humo humo majini. Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika.

"Mama, unamsugua au unambatiza?" nilimuuliza.

"Nambatiza," alijibu kutoka ndani ya mpira. "Wewe endelea kumla wako."

Sikumwelewa, na sikujisumbua kumwelewa. Wanasesere wetu humiminwa kwa resini, aina ya plastiki ngumu, na kila mmoja hutoka kiwandani na mshono, kijistari kinachopita nyuma ya masikio na kushuka hadi mapajani. Hicho ndicho tunachokiondoa kwa msasa kabla ya kupaka rangi. Shida ni kwamba mshono ukilowa hauonekani. Kwa hiyo tulisugua pakavu: unasugua kidogo, unamwinua mwanasesere karibu na uso wako, unampuliza fuu, unatazama, unasugua tena. Sote tulipuliza. Wageni tuliwafundisha kupuliza. Vumbi jeupe likikutua kwenye sweta ulijiona fundi kweli kweli.

Lorna hakupuliza hata mara moja. Aliupaka mshono penseli, akasugua majini mpaka weusi ukaisha, halafu akamfuta mwanasesere kwa kitambaa kibichi. Palipobaki weusi, alijua pana kibonde, akarudia. Alichelewa kuliko sisi, lakini nyuso zake zilitoka laini kuliko zetu, na hilo lilituudhi zaidi.

Baadaye ndipo nikajua. Alikuwa ametengeneza meno bandia kwa miaka ishirini na sita, kwenye karakana isiyokuwa hata na feni ya kuvuta vumbi. Alitoka huko na mapafu yenye makovu. Daktari alimwambia pumzi iliyobaki ndiyo hiyo hiyo, na akivuta vumbi tena ataishia kutembea na mtungi wa oksijeni. Binti yake, Annika, akamshauri afume soksi.

"Nusu ya mji huu inatafuna kwa meno yangu," Lorna aliniambia, "halafu nikae dirishani nitazame theluji? Thubutu! Vumbi limeshakula mapafu yangu. Mikono yangu haliipati."

Nilimpenda tangu siku hiyo, ingawa msasa wangu niliendelea kuupiga pakavu. Ujinga hauhitaji sababu.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, chama kilitimiza miaka ishirini, tukafanya maonyesho ya watu wote. Mwenyekiti wetu, Corinne Thibault, ana moyo mzuri na mdomo usiopumzika. Aliwapanga Lorna na Kaylin meza moja wawaonyeshe wageni jinsi ya kupiga msasa. Kaylin ni binti wa miaka ishirini na mitatu, mwepesi wa mkono kutushinda sote, na siku hiyo alikuwa akisugua pakavu bila barakoa, anapuliza, watu wanapiga picha. Kwa Lorna walikuwa wakipita mbali. Mtoto mmoja aliiona barakoa akaangua kilio.

Corinne akaja mbio.

"Lorna mpenzi, hebu livue hilo dude. Watu watadhani tunatengeneza sumu."

"Sivui."

"Nusu saa tu! Usisugue, jifanye tu unasugua."

"Kaylin hajifanyi. Vumbi lake lote linakuja huku."

"Jamani, si wanasesere tu hawa? Kavumbi kenyewe kiduchu! Ama uvue, ama uipishe meza. Chagua."

Pale mezani ndipo mahali pekee ambapo Lorna bado aliitwa fundi, na Corinne alilijua hilo. Na mimi nililijua. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo, na nilinyamaza. Naona aibu kuiandika, lakini nilinyamaza.

Lorna aliinuka. Alikwenda moja kwa moja kwenye keki ya chama, akachomoa mshumaa mmoja kati ya ile ishirini, akakata na kipande cha keki bila kumwomba mtu ruhusa. Alirudi, akauchomeka mshumaa kwenye kipande kile, akauwasha, akauweka mezani shubiri moja kutoka usoni pake. Kisha akavua barakoa. Mpira ulikuwa umemwachia alama nyekundu mashavuni.

"Haya, nimevua."

Akavuta pumzi, akapuliza. Mwali uliinama, ukasimama tena. Akapuliza mara ya pili, kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo ikamtoka. Kikohozi kikambana mpaka akashika ukingo wa meza. Mshumaa ulikuwa bado unawaka.

"Miaka ishirini na sita nilipuliza meno ya watu ili nione vizuri," alisema, akihema. "Na mimi niliambiwa kavumbi kiduchu."

Alivaa barakoa yake, akakaza mikanda, akaketi na kuizamisha mikono majini.

"Siondoki, Corinne. Ukiitaka meza, ibebe na mimi juu yake."

Kaylin alikuwa amemshika mwanasesere wake karibu na mdomo. Alimshusha polepole, akamtia kwenye beseni la Lorna, maji yakamlowesha mikono ya sweta.

"Sogea kidogo, Bibi," alisema.

Corinne akaamua walau auondoe ule moto mezani. Aliinama juu ya mshumaa, midomo tayari, akasita. Akauzima kwa vidole, akaungua, na hakulalamika.