Tangi la Balbir na Kapu la Kanyiva

Balbir Singh alikuwa fundi wa mabati katika Barabara ya Kirinyaga, katikati ya jiji, na kwa miaka miwili alikuwa amehangaika na jambo moja: joto la jua la mchana litunzwe vipi hadi asubuhi. Alikuwa na daftari, kipimajoto, na mke, Prabha, aliyechoka kumsikia.

Mwaka 1986 alitufungia tangi lake juu ya paa la kliniki ya uzazi ya Waithaka, ambako nilikuwa muuguzi mkuu. Jua lingepasha maji kwenye mabomba meusi kando yake, na maranda ya mbao aliyoyashindilia pande zote yangeyalinda mpaka alfajiri, tuogeshe watoto.

Julai ikaja na baridi yake. Kila asubuhi maji yalikuwa vuguvugu tu. Kamati ikampa hadi Ijumaa, la sivyo ling'olewe. Mzee wa watu akakonda. Kila siku saa kumi jioni alipanda ngazi, akaondoa maranda, akafunua kifuniko, akapima, akaandika. Saa kumi na moja akapanda tena. Saa kumi na mbili tena. Mimi niliona bidii, nikazidi kumpenda. Kumbe sote tulikuwa vipofu.

Alhamisi, Kanyiva, mpishi wetu, Mkamba asiyemwogopa mtu, akamwita jikoni.

"Mzee Singh, hiyo maji unaiweka ama unaichungulia?"

"Napima, mama. Bila kupima nitajua aje?"

Kanyiva akamwonyesha kapu lake. Mchana alikuwa amechemsha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwa muda mfupi, kisha akaizika sufuria kapuni ndani ya blanketi kuukuu.

"Hapa hakuna moto. Inaiva yenyewe. Nikifunua-funua, wagonjwa watalala njaa."

Balbir akaweka kiganja juu ya blanketi, akahisi joto. Kisha akatoa kipimajoto mfukoni, akampa.

"Kaa nayo, mama. Ikiwa kwangu, nitapanda tu."

Akaenda zake, ingawa aligeuka kutazama paa mara tatu kabla ya kufika langoni. Nilimhurumia kuliko wagonjwa wangu.

Ijumaa alfajiri binti mmoja wa Uthiru alijifungua. Kanyiva akafungua bomba, nikatia kiwiko majini, nikakitoa upesi. Ilibidi tuongeze maji baridi.

Balbir alifika saa mbili, roho mkononi. Hata kamati hakuiulizia.

"Digrii ngapi?"

"Sikupima," Kanyiva akasema. "Lakini tumeogesha mtoto, na hakulia."

Balbir akaketi kwenye benchi la wajawazito, akalia yeye. Nami nikalia naye, sioni haya kusema.

Tangi lilikaa pale miaka yote iliyobaki ya kazi yangu. Balbir alipofariki, mwaka 1995, Prabha aliniletea daftari nilione. Kila ukurasa ulijaa namba, isipokuwa ule wa Ijumaa ile. Hapo ameandika tu: Sikufunua. Mtoto hakulia.