Mashine ya Marehemu Manasse

Haya ninayotaka kuwasimulia hamtayaamini, na sitawalaumu. Hata mke wangu, aliyeniamini siku nilipomwambia sijawahi kung'olewa jino, haya aliyasikia akaenda zake kulala. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo mkikuta neno limekaa upande, linyoosheni wenyewe mwendelee. Habari yenyewe inamhusu mpwa wangu Boas, mtu anayezijua pikipiki za theluji kuliko mwingine yeyote katika pwani yote ya Labrado, huku kwetu kaskazini kwenye barafu, ukiniondoa mimi, na jinsi alivyokwenda kununua ile iliyo mbovu.

Boas alikuwa na miaka hamsini na miwili, mpana wa mabega, mchache wa maneno. Hapa kijijini kwetu Naini mtu akitaka mashine iliyokwishatumika, humwita kwanza yeye aje kuiangalia. Hana vifaa vya ajabu. Ana mkono na pua. Anaivuta kamba ya kuwashia polepole, swichi ikiwa imezimwa, akisikiliza kiganjani kama pistoni bado zina pumzi. Ananusa mafuta. Analala chali juu ya theluji na kuukagua ule mkanda mpana wa mpira unaosukuma mashine, jino kwa jino, kama mama anayemtafuta chawa kichwani mwa mtoto. Kisha anasimama, anajikung'uta, na kusema neno moja: "Chukua," au "Acha." Watu hulipokea neno lake kama la daktari.

Mwaka huo mashine yake mwenyewe ilikufa kwa uzee. Ikambidi ajinunulie, na hakuhitaji ya kwendea dukani. Alihitaji ya kwenda Hebroni, kilomita mia mbili na hamsini kaskazini, juu ya barafu ya bahari na kwenye mapito ya milimani, akivuta sleji, kigari cha mbao kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji, na mama yake ndani yake.

Mama yake, Kitora, ni dada yangu. Hebroni ndiko tulikozaliwa. Mwaka wa hamsini na tisa tulitangaziwa kwamba kijiji kinafungwa na sote tutahamishiwa kusini. Tulitangaziwa kanisani, sikilizeni vizuri, mahali ambapo mtu wa kwetu hata ukimkanyaga kidole habishi. Tukanyamaza, tukafunga mizigo. Kitora alikuwa na miaka ishirini, na wiki tatu kabla alikuwa amemzika mtoto wake wa kwanza, Sem. Kaburini alimchomekea kipande cha ubao wa sanduku la chai, akisema atakuja kuweka cha maana baadaye. Meli ikaondoka naye.

Miaka hamsini na sita alikaa na hicho kibao cha maana kichwani. Daktari alipomwambia kwamba moyo wake umechoka, hakulia. Aliomba kibao cha msonobari, akachonga jina na mwaka kwa mkono wake, akakisimamisha karibu na mlango pamoja na viatu.

"Mwezi wa tatu," akamwambia Boas. "Wa nne barafu siiamini tena siku hizi."

"Sina mashine, mama."

"Unawachagulia wanaume wa kijiji kizima. Hebu jichagulie na wewe siku moja."

Ya kwanza aliyoiangalia ilikuwa ya mwalimu mmoja kijana, mgeni wa kutoka kusini, aliyekuwa anamaliza mkataba wake. Nyekundu, inang'aa kama tufaha la dukani. Boas hakuiwasha. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo.

"Umeshaipasha moto, mwalimu."

"Nilitaka uikute tayari."

"Mimi nataka niikute imelala. Kama inaamka kwa shida, niione shida yake."

Mwalimu akacheka, masikio yakashika rangi ya mashine. "Lakini ni nzuri, mzee. Inafika mia na arobaini kwa saa."

"Mama yangu ana miaka sabini na sita. Nimkimbize mia na arobaini ili iweje, afike kabla hajaondoka?"

Mwalimu wa watu hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la injini. Ilikuwa ya kupozwa kwa maji, na maji hayo hupozwa na theluji laini inayorushwa na mkanda. Ukiipeleka kwenye barafu tupu ya bahari, upepo ukiwa umeifagia ikabaki kama kioo, inachemka kama birika na kukuacha njiani. Tena mkanda wake ni mwembamba, wa kuchezea vilimani, si wa kuvuta sleji nzito. Boas akasema, "Acha," akijiambia mwenyewe, na alikuwa sahihi. Hata mimi ningesema hivyo, kwa haraka zaidi.

Ya pili ilikuwa ya marehemu Manasse.

Manasse alikuwa mwenzake Boas wa kuwinda tangu ujana. Alifariki Januari, mezani, kijiko kikiwa mkononi. Mashine yake ilikuwa ya aina ambayo mtu wa safari ndefu huiota: mkanda mpana na mrefu, injini ya kupozwa kwa feni, haihitaji theluji wala maji, unaifungua kwa spana mbili ukiwa umevaa glavu. Majira matano tu ya baridi ilikuwa imetumika. Mjane wake, Benigna, alituma neno kwamba anataka iende kwa Boas, si kwa mwingine.

Sasa hapa ndipo mtu wa mbali atatucheka, na acheke. Kijijini kwetu kila mashine inajulikana kwa mlio wake. Mwanamke yuko jikoni, anausikia mlio ukipinda rasi, anateleka birika. Anajua ni nani na yuko mbali kiasi gani. Kwa hiyo mashine ya marehemu haiwashwi uani kwake. Unataka mjane asikie mumewe anarudi nyumbani? Wala hufungui boneti yake na kuanza kuchokonoa mbele ya macho yake. Ni sawa na kumpekua marehemu mifukoni. Unaingia, unakunywa chai, unatoa fedha bila kuzihesabu kwa sauti, unaivuta kimya hadi mahali asipoisikia. Ndivyo tulivyo. Watu wale wale wa kunyamaza kanisani.

Boas akaketi, akanywa chai. Benigna akamwekea samaki mkavu na mkate, akakaa ng'ambo ya meza.

"Shemeji, kula. Umekonda."

"Mimi? Mlango wako nimeingia kwa ubavu."

Akacheka kidogo, kisha cheko likamwishia mdomoni. "Alikuwa akiifunika blanketi ile mashine kabla ya kunifunika mimi. Nikamwambia, Manasse, basi iingize kitandani nilale mimi nje. Unajua alinijibu nini? Eti, 'Wewe hukohoi asubuhi.'"

"Huyo ndiye Manasse."

"Mpeleke mama Hebroni nayo. Angefurahi."

Waliposimama uani, blanketi bado liko juu ya mashine, Benigna akalikunja mwenyewe, taratibu, kona kwa kona. Boas akainama kufunga kamba ya kuvutia. Hapo akaona, kwenye vichwa vya skrubu karibu na pa kuwekea miguu, unga mweupe. Kidogo tu, kama mtu aliyekuwa anakanda mkate amepita akagusa. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kishikio cha boneti. Akauona mkono wake pale, na akamwona Benigna ameshika blanketi kifuani. Akauondoa.

Unga ule kwenye bati la aluminiamu hautokani na theluji. Unatokana na chumvi. Kwa mashine ya mtu mwingine yeyote, Boas angekwisha sema "Acha" na kurudi nyumbani kabla chai haijapoa.

Mimi ndiye niliyemsaidia kuivuta, na nilivuta zaidi yake. Tulipofika nyuma ya rasi akaiwasha. Mvuto wa pili tu ikaitika. Mimi nikapiga makofi. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa.

"Unasikia?" akaniuliza.

"Nasikia injini."

"Chini ya injini, mjomba."

Nilipiga goti, nikasikiliza. Chini kabisa kulikuwa na sauti ndogo, kama kokoto tatu ndani ya kikombe cha bati. Beringi za krenki, zile gololi zinazobeba mhimili wa injini, zilikuwa zimeliwa na chumvi. Nikamwambia mrudishie Benigna, hujachelewa. Akanitazama kana kwamba nimemwambia akamvue marehemu viatu. Angemrudishia aseme nini? Kwamba mumeo aliizamisha baharini, akaitoa peke yake, akaona aibu na kukuficha? Mtu amezikwa mwezi mmoja.

Alipofika nyumbani Kitora alikuwa dirishani.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Na umesemaje?"

Boas alivua kofia, akaikung'uta muda mrefu kuliko theluji iliyokuwamo. "Nimesema chukua."

Kitora akaenda kukizungushia kibao ngozi ya sili, akaishona kwa uzi wa kushonea mabuti.

Waliondoka wiki ya pili ya mwezi wa tatu. Nilipaswa kwenda nao, maana mashine mbili ni uhai, lakini goti langu lilikuwa limevimba kama mkate, na dada yangu hakuwa tayari kungoja goti. Boas alibeba beliti mbili za akiba, plagi nane, mafuta ya kutosha kwenda na kurudi. Beringi za krenki hazibebwi; hata ukizibeba, huwezi kuzibadilisha ukiwa umepiga magoti barafuni. Mama alilala ndani ya kisanduku cha sleji, juu ya ngozi za kulungu wa theluji, amefunikwa mpaka kwenye pua.

Siku ya kwanza ilikuwa njema. Siku ya pili walivuka milima. Kila waliposimama kunywa chai Boas aliweka kiganja kwenye injini, na kokoto tatu zilikuwa zimekuwa nane, kisha konzi nzima. Akapunguza mwendo mpaka ule wa mtu anayekimbia kwa miguu.

"Mbona tunatambaa?" Kitora akauliza kutoka kwenye ngozi zake. "Zamani nilivutwa na mbwa kwa kasi zaidi ya hii."

"Nakuonyesha nchi, mama."

"Nchi naijua. Nionyeshe mgongo wako, uende."

Siku ya tatu, saa sita mchana, kwenye ghuba yenye miti ya mwisho kuelekea kaskazini, kilomita arobaini tu kabla ya Hebroni, mashine ikapiga kelele moja ya chuma na kusimama, mkanda umekaza kama umegandishwa. Boas hakuvuta kamba hata mara moja. Alikaa juu ya kiti, mikono kwenye usukani, kama bado anaendesha. Halafu alifungua boneti, ile ambayo hakuifungua uani. Akatoa plagi, akamulika ndani. Kutu nyekundu, na chumvi imeshika pembeni kama sukari chini ya kikombe. Ile mashine ilikuwa imekunywa bahari zamani.

"Imekufa?" mama akauliza.

"Imekufa."

"Ulijua?"

Upepo ulikuwa unaanza kubeba theluji chini chini. Boas alisema, "Nilijua."

Kitora hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa nafuu. Aliuliza tu, "Benigna anajua?"

"Hajui."

"Basi asijue."

Boas alimwambia atamvuta yeye mwenyewe, kwa miguu, kamba kifuani, siku mbili watafika. Mama yake alimtazama mwanawe wa miaka hamsini na miwili anavyohema kwa kusimama tu. "Utanifikisha Hebroni niwe na makaburi mawili ya kuyatazama," alisema. "Piga hema." Boas akamwuliza kama basi akichomeke kibao pale kwenye miti. Mama akakataa hilo pia. "Sem hayuko hapa. Nitamdanganya nani?"

Boas alipiga simu ya setilaiti. Dhoruba ikashuka. Wakakaa hemani siku mbili, mama amekumbatia kibao kwenye ngozi yake, mpaka vijana wa uokoaji walipofika na mashine nne na kuwarudisha Naini. Kibao kilirudi nao, na vijana wakaombwa waseme ni dhoruba tu iliyowakwamisha. Boas alipokutana na Benigna dukani, akaulizwa inakwendaje mashine ya Manasse.

"Inakwenda vizuri, shemeji," akasema. "Haina maneno."

Benigna amehamia kusini kwa binti yake, ndiyo maana naandika. Tangu siku ile watu wakimwita Boas awaangalizie mashine, huwaambia macho yake yameharibika. Dada yangu alifariki mwezi wa sita, barafu ikiwa imekwisha vunjika na boti bado hazijaanza kwenda kaskazini. Tulimzika hapa, matarumbeta ya kanisa yakipigwa kwenye mvua. Kibao kipo kwa Boas, nyuma ya mlango. Anasema majira yajayo atakipeleka. Alisema hivyo pia majira yaliyopita.

Lakini sitaki mwondoke na kaburi la mvua. Niwarudishe kwenye lile hema, asubuhi ya siku ya pili, maana kuna jambo sijawaambia, na Boas anayekunywa chai yangu hapa mezani huku akinichungulia ninachoandika ni shahidi. Dhoruba ilikatika ghafla, mbingu ikawa nyeupe hata macho yanauma, na dada yangu akatoka mwenyewe bila kushikwa, akapanda juu ya sleji, akatazama kaskazini, na huko mbali akaliona paa la kanisa letu la Hebroni, jekundu kama siku ile tulipoliacha, na chini yake uwanja wa makaburi, na akainua kile kibao juu ya kichwa kwa mikono miwili na kusema kwa sauti ambayo hata—

"Mjomba," Boas akasema. "Kuna mlima katikati. Na mama alikuwa amelala."